Bomba la Chumba cha Nyuma

Duluth, Minnesota
6 Oktoba 2003

Mdogo wangu Orrin,

Hujambo huko jangwani? Sisi huku wazima, ukiacha goti langu, ambalo sitalieleza kwa sababu najua utaanza kunieleza la kwako. Mpwa wako Marit hajambo, tumbo limeanza kuonekana, mtoto tunamtazamia mwishoni mwa Februari. Mumewe Curtis naye hajambo, na hapo ndipo matatizo yangu yanapoanzia.

Tangu Harlan wangu afariki na hawa watoto wahamie kwangu mwezi Agosti, niliwaachia chumba kikubwa cha chini, mimi nikapanda kwenye chumba cha nyuma, kile ulichokaa wewe baada ya kumzika mkeo Irene. Ni chumba kizuri, ila baridi yake unaijua. Nalala na soksi mbili na ile kofia ya Harlan ya kuvulia samaki kwenye barafu. Sijalalamika. Nilisema mara moja tu, wakati wa kahawa, kwamba wapo watu wanaoishi kwenye baridi kali kuliko yangu.

Basi Curtis akalichukulia hilo kuwa kazi. Unajua yeye ni mtu wa maktaba ya shule, akipata tatizo anakwenda kuliazimia kitabu. Jumamosi nashuka kwenye chumba cha tanuri, namkuta ameshika kijiti cha udi kinachofuka, anakizungushazungusha kwenye mabomba yanayopeleka hewa ya moto vyumbani huku ananong'ona. Nikajua ametuacha sisi Walutheri.

"Curtis," nikamwambia, "mchungaji anajua?"

"Natazama moshi unaelekea wapi, Mama. Hebu ona! Kila ungio linavuja. Joto la chumba chako linaishia kwa panya."

Sasa anataka kuziba kila ungio na kuyavisha mabomba yote sufi ya kioo, ile ya kutunza joto. Akasema aliyeyafunga inaonekana alikuwa na haraka. Nikamwambia aliyeyafunga ni mdogo wangu, fundi bati wa miaka yote ile. Akakizima kile kijiti, akasema, "Basi yamefungwa vizuri mno."

Orrin, niandikie barua yenye hoja za kifundi, ya kusema mabomba yale yasiguswe. Iandike kwa lugha ngumu. Ningekupigia simu lakini simu iko jikoni, na jikoni kuna tundu la hewa, na katika nyumba hii tundu la hewa na masikio ni kitu kimoja.

Krismasi unakuja? Chumba cha kushonea nimekisafisha.

Dada yako,
Verna


Yuma, Arizona
19 Oktoba 2003

Dada Verna,

Salamu zako nimezipata, pamoja na goti. Langu mimi linapinda upande mmoja tu, lakini nanyamaza. Huku jua linawaka kama limeajiriwa. Jana nimekaanga yai juu ya ngazi ya trela ninamoishi kwa ajili ya ubishi na jirani, na yai likaiva. Mpongeze Marit. Huyo Curtis simjui, ila kwa unavyomweleza naona ni mtu wa maana.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Kijana ana haki.

Nisikilize vizuri. Wakati nafunga yale mabomba, hakuna fundi Duluth nzima aliyekuwa anaziba maungio. Tulichomeka bati ndani ya bati, tukapiga skrubu tatu na tusi moja, tukaenda nyumbani. Kazi yangu ilikuwa nyoofu. Ila bati ni bati, linatanuka na kusinyaa, na hewa hailipi kodi, inapita inapotaka. Halafu kumbuka marehemu shemeji alivyoyazungushia ule utepe wa kijivu wa nguo. Kila mwanaume wa Minnesota hufanya hivyo, nimewakuta mpaka maaskofu. Utepe ule unafaa kwa viatu, boti, miwani na mlango wa gari. Kwa bomba la hewa haufai kabisa. Joto likishaupata, gundi inakauka, unabanduka wote kama ngozi ya nyoka.

Mwambie Curtis aubandue, afute vumbi, apake ile gundi nzito ya kijivu ya ndooni kwa brashi, iwe nene kama uji wa jana. Pale penye mwanya mkubwa aweke kwanza kitambaa cha wavu, kisha apake juu yake. Ikikauka ndipo avishe sufi. Kipande kinachopita kwenye dari baridi kivishwe mara mbili. Na aanze na bomba la chumba cha nyuma. Asingoje.

Krismasi sitaweza. Daktari anasema mwili wangu unataka hewa kavu, kama alivyosema tangu mwanzo. Usijisumbue.

Orrin


Duluth
8 Novemba 2003

Mdogo wangu,

Hatujambo sote. Theluji ya kwanza imeanguka, haikupiga hodi. Kanisani tumekula ule mlo wetu wa kila mwaka, samaki aliyelowekwa kwenye magadi. Samaki alikuwa kama jeli iliyopata msiba, lakini watu wote wamesema si mbaya, kwa hiyo ulikuwa mwaka mzuri.

Ile barua yako nimeisoma. Nilikuomba wakili, umeniletea shahidi wa upande wa pili. Sikumwonyesha Curtis. Nilimwambia umesema mabomba yasiguswe wakati wa mwezi mchanga, kwa sababu ya unyevu. Akakubali siku nne, kisha akaazima kitabu.

Nikamwambia harufu ya gundi si nzuri kwa mjamzito. Akaenda kutafuta isiyo na harufu. Nikaficha brashi kwenye friza chini ya samaki. Marit akaiona, akauliza ni ya nani, na kwa kuwa hakuna mtu katika familia hii anayemuuliza mwenzake jambo mara mbili, akairudisha ilipokuwa. Iko humo hadi leo.

Sina ubaya na joto, Orrin. Ila si kila kitu katika nyumba ya zamani ni kasoro. Jioni nikiwa nimekaa kitandani na ufumaji wangu, nasikia nyumba ikiishi. Nasikia vyombo, nasikia kucheka. Mtoto akiwa msichana ataitwa Sigrid, jina la mama yetu. Hawajaniambia. Nitashangaa wakiniambia.

Sasa kuna mama mmoja kanisani, humjui, amehamia juzi. Ananiuliza hivi: mtu akiziba maungio ya bomba na kulivisha sufi, je, sauti zilizokuwa zinapita zinaendelea kupita? Anauliza tu. Ni mjane, na watoto wake wanakaa chini, na wakishamtakia usiku mwema saa moja hapati neno lingine mpaka asubuhi. Anaogopa kubaki na ukimya mtupu. Nikamwambia nitamuulizia kwa fundi.

Kuhusu Krismasi, najua umekataa mara moja, na kwetu mtu wa heshima hukataa mara mbili kabla ya kukubali. Nangojea ya pili.

Verna


Yuma
22 Novemba 2003

Dada,

Mimi mzima. Pua inanisumbua kidogo, si kitu. Jirani amedai lile yai halikuiva katikati, tunarudia Jumapili.

Mjibu hivi mama yako wa kanisani. Kuziba maungio hakuzuii sauti. Maungio yanavujisha hewa, lakini sauti inapita katikati ya bomba, kama wewe unavyopita kwenye korido. Sufi ya kuvisha nje nayo ni kwa ajili ya joto. Kinachoua sauti ni sufi ya ndani, ile ngumu yenye uso laini, ikibandikwa ndani ya kona na kipande cha bomba kinachofuata. Sauti ikifika hapo inazama.

Basi yeye atafurahi, atadhani amesalimika: anaweza kupata joto na bado akasikia. Mwambie hapana. Mwambie aziweke zote mbili, na hiyo sufi ya ndani aiweke kabla ya Krismasi. Nyumba nyingi za mtaa ule zina kasoro moja: fundi, ili kuokoa bati, alitoa bomba la jikoni na la chumba cha nyuma kwenye kona moja, mgongo kwa mgongo. Mtu akikohoa jikoni, wa juu anamwombea afya. Fundi mwenyewe alijiona mjanja sana siku ile.

Mwambie pia, kutoka kwangu, asikae karibu na tundu. Leo anasikia kucheka. Kesho je? Watu jikoni husema kila kitu.

Krismasi, hapana. Hewa kavu. Usiandae chochote.

Orrin


Duluth
14 Desemba 2003

Orrin,

Natumaini u mzima. Hapa wote wazima. Marit mzima. Curtis mzima. Baridi imefika thelathini chini ya sifuri, lakini upepo haupo, kwa hiyo si mbaya.

Nimeamua kuhamia kwenye zile nyumba za wazee karibu na kanisa. Kuna lifti. Daktari amesema ngazi si nzuri kwa goti langu. Wamenipa chumba kuanzia katikati ya Januari, kina zulia na dirisha la kuangalia maegesho ya magari. Watoto nitawaambia baada ya sikukuu, nisiwaharibie.

Curtis nimempa brashi yake. Sasa afanye anavyotaka, azibe kila kitu, sina neno.

Usiniulize kwa nini, kwa sababu nimeshakwambia ni goti.

Krismasi njema.
Verna


Yuma
20 Desemba 2003

Dada Verna,

Salamu utazikuta mwishoni. Barua hii nimeilipia ya haraka.

Daktari gani? Nimekujua maisha yangu yote, hujawahi kumwambia daktari kwamba unaumwa. Ulipovunjika mkono ulimwambia una uchovu. Sasa daktari gani huyo amekuruhusu uache nyumba yako mwenyewe, mwezi mmoja kabla ya mjukuu, ukaangalie maegesho?

Nitakwambia jambo. Hilo goti lako ndilo hewa yangu kavu.

Hakuna daktari aliyenileta Arizona. Hewa kavu hainifai, inanitoa damu puani tangu mwaka ule wa 1992. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda kile kile unacholalia wewe, navaa soksi, niteremke kula. Wewe ulikuwa jikoni na Harlan. Ukasema, na nakuandikia neno kwa neno kwa sababu sijapoteza hata moja: "Atakaa mpaka lini, Harlan? Nimechoka kumpikia mtu anayeniangalia kama picha ya mazishi. Hata jikoni kwangu siwezi kuimba."

Halafu tanuri likawaka, feni ikafunika yaliyofuata. Sikutaka kuyasikia. Nilibaki na soksi moja mkononi. Bomba nilikuwa nimelikunja mwenyewe, na nilikuwa nimelisifu.

Nikaja mezani, nikala, nikakwambia daktari ameshauri hewa kavu. Ukasema, "Haya, kama ndivyo." Asubuhi nikaondoka. Miaka yote hii umekuwa ukiniuliza Krismasi unakuja, na mimi nasema hapana, kwa sababu sijui ni nani anayeniuliza, wewe wa kwenye barua au wewe wa kwenye bomba.

Kwa hiyo usinichezee na lifti. Umesikia kitu. Umesikia nini? Niandikie neno kwa neno, au usiandike kabisa.

Salamu kwa wote.
Orrin


Duluth
2 Januari 2004

Orrin mdogo wangu,

Leo mimi pia salamu naziweka mwishoni.

Nilisikia hivi. Marit alikuwa anaosha vyombo, akamwambia mumewe: "Curtis, Mama akinipangia tena vijiko vyangu, haki ya Mungu nitapiga kelele mpaka Wisconsin wasikie. Siwezi hata kuweka sufuria mahali ikakaa. Atakaa juu yetu namna hii mpaka lini?" Neno lile lile, mpaka lini. Nyumba ni yangu, na bado nilijiona mgeni aliyezidisha siku.

Barua yako ilipofika nilikaa kitandani kando ya tundu nikaisoma mara mbili. Nilitaka kukuandikia kwamba hukusikia vizuri. Ningekuwa nakudanganya. Ulisikia vizuri sana. Nilisema, Orrin, na nilimaanisha, tangu kifungua kinywa mpaka chakula cha jioni. Yaliyofunikwa na feni siyakumbuki, pengine yalikuwa mabaya zaidi. Ulikuwa umefiwa na mkeo na hukujua la kufanya na uso wako, na mimi nilikuwa nimechoka. Mtu akichoka husema. Jioni ile nilikuwa nimekupikia chapati za viazi kwa siagi na sukari, na nilikuwa nimeshasahau. Ndipo ukaja na daktari wako. Nikadhani umetuchoka wewe. Roho iliniuma, kwa hiyo nikasema "Haya, kama ndivyo," kwani ningesema nini kingine, mimi mtoto wa mama yetu?

Nikiwa nimekaa pale nikajiuliza: kama mimi nilimaanisha mpaka chakula cha jioni tu, huyu Marit alimaanisha mpaka saa ngapi?

Basi nikashuka ngazi, na goti langu. Walikuwa mezani. Nikasema, "Nimesikia habari za vijiko."

Marit akawa mwekundu hadi masikioni. "Umesikia wapi, Mama?"

"Kwenye bomba."

Curtis akaweka uma chini. "Bomba hili? Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

"Kila kitu?"

"Sigrid ni jina zuri sana," nikamwambia.

Akajifunika uso kwa kitambaa cha mezani. Marit naye akasimama, tumbo mbele. "Haya, na kama umesikia, sawa! Unapanga vijiko vyangu, Mama! Kila siku!"

"Kwa sababu unaviweka kama mtu aliyevitupa kutoka barabarani!"

"Ni vijiko vyangu!"

"Ni droo yangu!"

Orrin, tulipiga kelele. Katika nyumba ile, ambamo Harlan alipoungua mkono alisema "naam." Bibi wa jirani alisimama dirishani akiwa na simu mkononi. Na nikwambie ukweli, ilikuwa tamu. Halafu Marit akaanza kulia, akasema, "Nilisema vijiko tu. Sikusema wewe. Nani kakwambia nataka uondoke? Nitajifungua nikiwa na nani hapa?" Nikamwambia habari za kile chumba cha zulia, naye akalia upya, akaniita jina ambalo sitaliandika, kisha akanishika shingoni hakuniachia.

Sasa sikiliza alichosema Curtis. Alisubiri tumalize kupangusa pua, akauliza kwa adabu, kama anavyouliza mtu aliyechelewesha kitabu: "Mama, unajua kwamba bomba lina pande mbili?"

Wananisikia, Orrin. Tangu Agosti. Wamesikia ninavyomsimulia Harlan kwenye picha yake, na ninavyomwita Curtis Mzee wa Udi. Hawakusema kitu, ndivyo tulivyowalea. Nilitaka ardhi inimeze pamoja na tanuri. Kisha Marit akasema kwamba kila siku wakiwa wanakausha vyombo wananisikia nikisali, na sala inaisha kwa maneno yale yale: mrudishe Orrin nyumbani. Alidhani mimi na wewe tuligombana vibaya zamani, hakuthubutu kuuliza.

Basi hilo ndilo ulilokosa kusikia kwa kukaa mbali. Bomba lako haliendi mpaka Arizona, kwa hiyo nakuandikia. Rudi nyumbani. Sisemi Krismasi, wala sisemi kutembea. Rudi ukae. Nikikuchoka nitakwambia usoni, kwa sauti, tutagombana, kisha tutakula.

Curtis ameziba kila ungio na kulivisha. Wiki hii nimelala bila kofia. Ila ile kona hajaigusa. Anasema hawezi kuifungua bila kuipinda, na mimi nimemkataza. Nimesema aliyeikunja yupo.

Hatujambo sote. Wewe je?

Dada yako,
Verna


Yuma
13 Januari 2004

Dada Verna,

Mimi sijambo. Barua yako imenikuta nje, nimeisomea kwenye ngazi, jirani akaniona na leso usoni, akaniuliza kama ni damu ya pua, nikasema ndiyo.

Trela nimemwachia yeye, pamoja na kikaangio. Nakuja kwa basi, nitafika tarehe ishirini na nne jioni, kama barabara za huko hazijafungwa. Mikasi yangu ya bati naileta mwenyewe. Mwambie Curtis atafute sufi ya ndani, ile yenye uso laini, na pini za kuishikilia, na asiguse kitu. Akitaka kusimama karibu aone, asimame. Kijana aliyewaza kutumia udi si mjinga.

Kona ile itachukua asubuhi moja. Nitaifungua, nitaivisha ndani, nitairudisha, nitapaka gundi kwenye maungio yake niliyoyaacha wazi. Baada ya hapo utakohoa jikoni na hakuna atakayejua huko juu. Itabidi mwambiane kila kitu kwa mdomo, Mungu awasaidie.

Lakini kabla sijaifungua nina ombi, na ni moja tu. Nikifika, nitapanda juu nikae kwenye kile kitanda. Wewe ubaki chini jikoni, usimame pale ulipokuwa umesimama siku ile. Hayo maneno uliyoniandikia, ya kurudi na kukaa, uyaseme hapo kwa sauti yako ya kawaida, mara moja. Nataka kuyasikia yakipita njia ile ile.

Halafu nitashuka tuanze kazi.

Orrin